Pima Mkaaji Kabla ya Kupima Mbao

    

Mimi ni fundi seremala. Karakana yangu iko Muze, kwenye bonde la Ziwa Rukwa, chini ya ukingo wa Ufipa, ni banda la mabati lisilo na kuta, maana kwa joto letu ukijifungia ndani na randa mchana utazimia. Natengeneza vitanda, meza, viti, makabati, na milango ikitokea. Lakini leo sikuja kuwafundisha kupiga randa. Nimekuja kuzungumza juu ya kazi inayotangulia randa, ile ambayo mteja haioni na wala hailipii: kazi ya kubuni. Nani atakikalia hiki kiti? Kitakaa wapi? Kitatengenezwa kwa mbao gani, na hiyo mbao imekauka kiasi gani?

Nianze na swali. Ukienda kwa fundi cherehani kushona suruali, anaanza na nini? Anachukua futi kamba. Anakupima kiuno, anakupima mguu, anakuuliza kama unapenda ibane au ipwaye. Asipokupima utaondoka na kitambaa chako. Sasa ukija kwangu kuagiza kiti utakachokikalia miaka ishirini, mimi nakupima nini? Mara nyingi, mafundi wengi hatupimi kitu. Mteja anatoa simu, anafungua picha, anasema, "Fundi, nataka kama hii." Fundi anaangalia, anataja bei, wanapatana, advansi inatoka. Hapo mwili wa mteja haujatajwa, nyumba yake haijatajwa, na mbao haijatajwa. Imetajwa picha tu.

Basi leo, msikilizaji wangu, nina mambo matatu ya kukuachia. La kwanza ni mwili. La pili ni mahali. La tatu ni mbao. Mwili, mahali, mbao. Fanicha inayofanya kazi yake vizuri imejibu yote matatu. Inayokusumbua imeruka mojawapo.

Tuanze na mwili. Wewe uliyekaa hapo ulipo, hebu tufanye jaribio dogo. Kaa wima, mgongo uguse egemeo la kiti kama lipo. Nyayo zako zimekanyaga sakafu zote mbili, kisigino mpaka kidole? Kama zinaning'inia, kiti ni kirefu kwako. Je, magoti yako yamepanda juu kuliko kiuno? Basi ni kifupi. Sasa pitisha vidole nyuma ya goti, kati ya shavu la mguu na ukingo wa kiti. Vidole viwili au vitatu vinapita? Vizuri. Havipiti? Basi kiti ni kirefu kwenda nyuma, na ule ukingo unakukaba mshipa. Ndiyo maana ukikaa nusu saa mguu unakufa ganzi, halafu unasema umri umekwenda. Umri haujaenda popote, mama yangu. Ni kiti.

Kipimo chenyewe ni chepesi mno. Mkaaji avue viatu, akae, nami napima kutoka chini ya kisigino hadi pale nyuma ya goti. Hicho ndicho kimo cha kiti chake. Kwa watu wazima wengi kinaangukia kati ya sentimita 40 na 45. Halafu meza ya kulia inazidi kiti kwa sentimita 28 hivi, mkono ukae mezani bila bega kupanda. Ni vipimo viwili tu, lakini vikikosewa, vanishi haitavisaidia hata ing'ae namna gani.

Lakini angalieni, kanuni hiyo nayo ina mtu anayeihitaji kwa namna tofauti. Bibi mwenye magoti mabovu akija kwangu, simpi kiti cha kimo cha goti lake. Nakipandisha sentimita tatu au nne, na nakipa mikono ya kuegemea iliyo imara, inayotokeza mbele mpaka karibu na ncha ya kiti. Kwa nini mbele? Kwa sababu kazi ngumu kwa bibi ni kunyanyuka, na mtu anaponyanyuka huweka viganja mbele ya mwili wake na kujisukuma. Mkono wa kiti ukiishia nyuma kwenye kiwiko, utamfaa akiwa ameketi, lakini hautamsaidia kusimama. Sasa nenda sebuleni kwenu ukaangalie lile kochi kubwa la chini, laini, la kuzama. Ni zuri kwenye picha. Bibi akilikalia, anahitaji wajukuu wawili wa kumvuta.

Jambo hili la kupima wenzetu wa mbali waliligeuza kuwa shule. Kule Denmark aliishi mbunifu mmoja, Kaare Klint, aliyezaliwa mwaka 1888 na kufariki 1954. Mwaka 1924 alishiriki kuanzisha idara ya kubuni fanicha kwenye chuo cha sanaa mjini Copenhagen. Huyu bwana na wanafunzi wake hawakuanza na kuchora kabati, walianza na vitu vinavyoingia kabatini. Walipima sahani, vijiko, glasi, mashati yaliyokunjwa. Walipima na mwili wa mtu. Walipokwisha kujua shati linachukua nafasi kiasi gani, ndipo wakachora rafu yake. Kwa hiyo kabati dogo la Klint lilibeba vitu vingi kuliko kabati kubwa la mtu mwingine, kwa sababu halikuwa na hewa ya bure ndani.

Mmoja wa wanafunzi wake, Børge Mogensen, aliongoza kitengo cha fanicha cha FDB kuanzia mwaka 1942. FDB ulikuwa nini? Ulikuwa muungano wa vyama vya ushirika vya wanunuzi wa kawaida, watu wa vijijini na mijini wenye kipato cha kawaida. Mwaka 1947 Mogensen aliwatengenezea kiti cha mbao chenye miguu iliyonyooka na kikalio cha kamba ya karatasi iliyosokotwa. Hakina nakshi hata moja. Wenyewe wakakiita kiti cha watu, na mpaka leo kinatengenezwa. Nawatajia habari hii kwa sababu moja: wale walibuni kwa ajili ya mkulima na mwalimu, na waliamini mkulima naye anastahili kupimwa.

Tukumbushane kabla ya kwenda mbele: jambo la kwanza ni mwili. Pima mkaaji kabla ya kupima mbao.

Jambo la pili, mahali. Hapa ndipo utakapoona kwa nini picha ya simu inatudanganya. Ile picha ilipigwa kwenye nyumba ya vigae, yenye feni, mlango mpana, na haina mbu. Kitanda chako kinakwenda wapi?

Tuchukue kitanda cha Muze. Kwanza, Muze kuna mbu, na kitanda bila chandarua ni hatari. Sasa kitanda cha kisasa cha kwenye picha hakina nguzo. Matokeo yake nini? Mteja akifika nyumbani anapigilia misumari ukutani, anafunga kamba nne, moja kwenye dirisha, moja kwenye kenchi, chandarua kinakaa upande. Usiku mkono wa mtoto unakigusa, na mbu humuuma kupitia hapo hapo kwenye nyavu. Mimi kitanda changu nakipa nguzo nne zilizopimwa kwa kimo cha chandarua cha mstatili, na juu zimeunganishwa kwa vijiti vinavyotoka. Na kuna kitu kidogo ambacho kwenye picha huwezi kukiona: kati ya godoro na ubao wa pembeni naacha nafasi ya vidole. Kwa nini? Kwa sababu chandarua lazima kichomekwe chini ya godoro. Ubao ukibana godoro, mama atachomeka siku mbili, ya tatu atachoka, ataacha kining'inie. Ile nafasi ya vidole ndiyo inayofanya chandarua kitumike kila usiku.

Pili, joto. Godoro linahitaji hewa kutoka chini. Kwa hiyo chaga nazipanga kwa nafasi ya sentimita sita hivi, sifuniki kwa plaiwudi nzima. Na chaga zangu sizipigilii misumari. Zinakaa kwenye reli, za mwanzo na mwisho tu ndizo zenye skrubu. Kunguni wakiingia, unatoa chaga zote, unazitoa juani, unazimwagia maji ya moto, unarudisha. Kitanda kilichopigiliwa misumari kila mahali utakifukuzia vipi kunguni?

Tatu, uvungu. Wa bondeni mnajua, baada ya mavuno chumba cha kulala ni ghala. Gunia la mpunga litakaa wapi? Kwa hiyo nauliza: mama, uvunguni unaweka nini? Akisema ndoo, napima ndoo. Akisema gunia la kulazwa, napima gunia lililojaa. Na nne, mlango. Nyumba zetu nyingi zina milango myembamba na korido inayokata kona. Kitanda cha sita kwa sita hakipiti kikiwa kizima. Kwa hiyo nakifunga kwa bolti: kichwa, miguu, na mbao mbili za pembeni, kila kimoja peke yake. Ukihamia Sumbawanga, juu ya ukingo wa Ufipa, unakifungua, unakilaza juu ya mizigo, kinapanda mlima kikiwa salama.

Na hili la kufungua na kufunga si ujanja mpya. Yule Klint niliyewatajia, mwaka 1933 alitoa kiti kiitwacho hadi leo kiti cha safari. Alikitoa kwenye viti vya kubebwa vya maofisa wa jeshi la Uingereza huko India. Hakina gundi wala msumari. Vijiti vinaingia kwenye matundu ya miguu, turubai au ngozi inavivuta pamoja, na mikanda inabana. Ukikiweka kwenye ardhi ya mabonde, kila mguu unajitafutia pa kusimama, kwa sababu maungio yamelegea kidogo kwa makusudi. Kiti kilichobuniwa kwa ajili ya ardhi isiyo sawa.

Lakini mababu zetu nao walilijua jambo hilo kwa njia fupi zaidi: kigoda cha miguu mitatu. Umewahi kuona kigoda cha miguu mitatu kikicheza? Hakichezi. Kiweke kwenye sakafu ya udongo, kiweke shambani, kiweke juu ya mawe, miguu yote mitatu inagusa chini. Kiti cha miguu minne kinahitaji sakafu iliyopigwa saruji kwa pima maji, la sivyo utaanza kukunja kipande cha karatasi na kukisukuma chini ya mguu mmoja. Kwa hiyo mteja akiniambia jikoni kwake ni sakafu ya udongo, stuli yake itakuwa na miguu mitatu. Sibahatishi hapo.

Sasa najua kuna kijana huko anasema, "Fundi, umesahau viti vya plastiki." Sijasahau. Kile kiti cha plastiki cha kipande kimoja tunachokiona kwenye kila harusi na kila msiba kina wazazi wengi, ila kinachotajwa zaidi ni kile alichokitoa Mfaransa Henry Massonnet mwaka 1972. Na nasema kwa haki, kwa kazi yake, kile ni kiti kilichobuniwa vizuri sana. Ni chepesi, mtoto anakibeba. Vinapangwa hamsini kwenye kona moja. Mvua ikinyesha, kimeoshwa. Mimi sishindani nacho kwenye msiba. Lakini miguu yake ikikaa juani mwaka hadi mwaka inakakamaa na kukatika, na ukikatika hakuna fundi wa kuuunga. Na hakikupimi: wewe na mjukuu wako mnapewa kile kile. Basi kazi ya seremala ni pale plastiki inapoishia: kiti cha bibi, meza ya mwanafunzi, kitanda cha chandarua.

Hilo ndilo jambo la pili: mahali. Mwili, mahali. Na sasa la tatu.

Mbao. Hapa naomba masikio yenu, hasa nyinyi mnaosema mafundi ni waongo. Na nawapa ruhusa ya kucheka, maana nalijua neno letu: "Njoo Jumamosi." Ukija Jumamosi, "Njoo Jumatano." Wako waongo kweli, wanaokula advansi. Lakini mara nyingine fundi anayekuchelewesha anakuokoa, na anayekupa kesho anakuibia. Kwa vipi?

Mti ukikatwa umejaa maji. Mbao inapokauka husinyaa, lakini haisinyai sawasawa. Kwa urefu haisinyai kiasi cha kuonekana. Husinyaa kwa upana, na ubao uliopasuliwa kwa kufuata duara la miaka ya mti husinyaa karibu mara mbili ya ule uliopasuliwa kuelekea kiini. Ndiyo maana ubao mmoja hupinda upande, mwingine hujikunja, mwingine hupasuka mwishoni. Sasa ukitengeneza kabati kwa mbao mbichi leo, kesho litapendeza, na baada ya miezi michache mlango haufungi. Mteja analaumu bawaba. Bawaba haina kosa.

Kwa hiyo mbao zikifika, nazipanga kivulini, kati ya ubao na ubao naweka vijiti vya unene mmoja, vimenyooka kwa mstari kutoka chini hadi juu, ili hewa ipite. Miisho naipaka rangi ya mafuta, kwa sababu maji hutoka haraka zaidi kwenye miisho na hapo ndipo nyufa huanzia. Juu naweka mawe mazito yasiruhusu ubao kujipinda. Kisha nasubiri. Ubao wa inchi mbili unataka miezi, siyo wiki.

Sasa sikilizeni jambo ambalo ni letu sisi watu wa Rukwa. Sumbawanga iko juu, zaidi ya meta 1,700 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Rukwa liko karibu meta 800. Kutoka Sumbawanga kushuka Muze unateremka kiasi cha kilometa moja kwenda chini kwa safari fupi ya gari. Juu unavaa sweta, chini unatafuta kivuli. Je, mbao nayo haihisi? Inahisi sana! Hewa ya baridi ikishuka bondeni inapata joto, na hewa yenye joto hunyonya maji zaidi kutoka kwenye kila kitu. Kwa hiyo mbao iliyokauka vizuri kwa Sumbawanga, wakati wa kiangazi, kwa Muze bado haijakauka. Ukishusha meza iliyobuniwa juu, ukaiweka sebuleni Muze mwezi wa Septemba, uso wake unaanza kusinyaa. Halafu mvua za Novemba zikianza, ile mbao inakunywa unyevu na kuvimba. Ndiyo ile droo ya kabati inayovutika vizuri kiangazi, na masika unaikanyagia mguu ukutani kuivuta.

Dawa yake ni nini? Niwaonyeshe kwa meza. Uso wa meza wenye upana wa sentimita 90 unaweza kutanuka na kusinyaa hata sentimita nzima kati ya masika na kiangazi. Fundi asiyejua anaupigilia misumari na gundi kwenye fremu pande zote. Mbao inataka kusinyaa, fremu inaikataza. Nani atashinda? Mbao daima. Itapasuka katikati, mlio wake utausikia usiku. Fundi anayejua anachonga mfereji mdogo ndani ya fremu, halafu anatengeneza vipande vya mbao vidogo vyenye ulimi. Kila kipande kinafungwa kwa skrubu chini ya uso wa meza, na ulimi wake unaingia kwenye mfereji. Uso umeshikwa, hauinuki, lakini unaweza kuteleza ndani na nje kadiri majira yanavyobadilika. Inama uangalie chini ya meza yako leo. Ukiona vile vipande, mwombee dua fundi wako. Ukiona misumari tupu, subiri Septemba.

Na mbao yenyewe je? Mninga una sifa hii kubwa: ukishakauka unatulia, haupindi ovyo. Ndiyo maana wazee waliuamini kwa milango na vitanda. Lakini uwanda wetu wa Ufipa ni wa nyasi zaidi kuliko miti, mninga unatoka kwenye misitu ya miombo, upande wa Katavi na kwingineko, unakua polepole na unakwisha. Ukiununua, nunua wenye kibali na uliogongwa nyundo ya misitu. Gogo la njia za usiku halina baraka, na likikamatwa advansi ya mteja imekwenda. Mbao ya msindano, ile tunayoiita paina, ni ya kupandwa, ni nyepesi, bei yake inavumilika, na pale Mbizi tuna shamba la miti la serikali. Wengi wanaidharau. Mimi siidharau. Inataka tu ibuniwe kwa namna yake: miguu minene kidogo, maungio ya ulimi na tundu badala ya misumari, na isiguse sakafu yenye unyevu, maana mchwa wanaipenda. Mkaratusi nao una nguvu, ila unapinda sana ukikauka, kwa hiyo nautumia kwa vipande vyembamba na vifupi. Kila mbao ina kazi yake. Kazi ya mbunifu ni kuijua kabla ya kutaja bei.

Mwili, mahali, mbao. Sasa tuyaweke pamoja matatu haya kwenye kitu kimoja tunachokifahamu sote: dawati.

Mnakumbuka mwaka 2016. Elimu bila malipo ilianza Januari, watoto wakajaa madarasani, na wengi wakakaa sakafuni. Nchi nzima ikashikwa na kampeni ya madawati. Bunge lenyewe lilibana matumizi yake na kutoa shilingi bilioni 6 kwa ajili hiyo. Mafundi tulipata kazi, watoto wakainuka kutoka chini. Lilikuwa jambo jema na nalipongeza mpaka leo.

Lakini niwaulize mliopita darasani hivi karibuni. Dawati la darasa la kwanza na dawati la darasa la saba yalitofautiana? Mara nyingi ni lile lile: benchi na meza vimeunganishwa, kipimo kimoja kwa wote. Mtoto wa miaka sita miguu inaning'inia, meza iko kifuani, anaandika bega likiwa juu. Mwenzake wa darasa la saba magoti yanagonga ubao wa chini. Halafu tunasema mtoto hatulii darasani! Wewe ungetulia? Kwenye nchi za Ulaya viwango vya fanicha za shule vina saizi kadhaa, vikalio vya kuanzia chini ya sentimita 30 kwa wadogo hadi 51 kwa wakubwa. Hatuhitaji saizi zote hizo. Tuanze na tatu: wadogo, wa kati, wakubwa. Mwalimu apange watoto mstari, apime kimo cha goti kwa rula, aandike kwenye daftari. Ni kazi ya asubuhi moja. Na dawati dogo linakula mbao kidogo. Kwa hiyo anayesema vipimo ni gharama, mwambie ahesabu mbao. Kumpima mtoto kunaokoa fedha za kijiji.

Na kamati za shule zinazonisikiliza: msiandike kwenye karatasi ya zabuni "dawati" na bei basi. Andikeni kimo cha kikalio, kimo cha meza, aina ya mbao, na kwamba mbao iwe kavu. Fundi mzuri atafurahi. Fundi wa kulipua atajiondoa mwenyewe.

Nimalizie kwa maisha yetu mafundi wenyewe, maana wapo vijana wanaotaka kuingia. Kazi hii ina msimu. Mpunga ukivunwa, fedha zipo, harusi zipo, vitanda vinaagizwa. Masika barabara inachafuka, wateja wako mashambani, unabaki na mbao zako. Mafundi wengi masika wanalala. Mimi nawashauri: masika ndiyo shule yetu. Tengeneza kiti cha mfano kwa mbao za mabaki. Kikalie mwenyewe. Mkalishe jirani mrefu, mkalishe jirani mfupi, mkalishe mjamzito. Sikiliza wanavyojigeuza. Mtu anayejigeuza-geuza kwenye kiti chako amekwisha kukupa jibu, hata akikusifu kwa mdomo. Punguza, ongeza, andika kipimo kwenye daftari. Mavuno yakifika, unacho kiti ambacho hukukitoa kwenye simu ya mtu.

Na kijana akija kujifunza kwangu, simwanzishii kwenye msumeno. Nampa futi kamba, penseli na daftari, namtuma nyumba kwa nyumba apime milango, uvungu wa vitanda, masufuria, magunia. Wengine wanachukia, wanasema wamekuja kujifunza useremala siyo kuhesabu sufuria. Anayebaki anakuwa fundi. Kama una nafasi ya kwenda chuo cha ufundi stadi cha VETA, nenda, ukajifunze mashine na michoro. Ila mashine haikuulizii mteja uvunguni anaweka nini. Utamuuliza wewe.

Na wewe mteja, una sehemu yako. Ukienda kwa fundi wiki hii, muulize maswali manne. Moja: mbao hii ilikatwa lini na imekaa kivulini muda gani? Mbili: mbona hujanipima? Tatu: ikiharibika inafunguka? Nne: ukiwa unaitengeneza kwa ajili ya nyumba yangu, utakuja kuiona nyumba yangu? Akikujibu vizuri, usimkandamize bei mpaka akimbilie mbao mbichi. Fedha unayompunguzia leo anaitoa kwenye mbao yako. Na akikuambia subiri mbao ikauke, msubiri. Akikuambia kesho asubuhi uje na usafiri, na mbao bado inanuka utomvu, omba advansi yako.

Nimesema mwili, nimesema mahali, nimesema mbao. Mwenye swali anajua karakana yangu ilipo, na asipoijua aulize pale sokoni Muze. Aje na kipimo cha mlango wake, na kama kiti ni cha bibi, aje na bibi.